Kwangu Naamua Mimi

Mwenzangu, uko? Leo nimepigiwa makofi mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Wale wafadhili wa ng'ambo wamekuja kufungua wodi ya wazazi. Wodi nzuri, sisemi, vitanda bado vina nailoni. Kikundi chetu cha kina mama tukapangwa kwenye mabenchi. Mgeni mmoja akauliza, nesi akatafsiri: "Nyumbani kwenu, nani anaamua mama aende kliniki?"

Mmoja akasema baba watoto. Mwingine, mama mkwe.

Kiherehere changu kikaniponza. Nikanyoosha mkono. "Kwangu naamua mimi."

Basi makofi hayo. Mgeni machozi yanamlengalenga. Nikasimamishwa mbele, nikapigwa picha, nesi anawaambia wenzangu, "Mwigeni huyu."

Mwigeni huyu. Mimi.

Hakuna aliyeuliza kwa nini naamua mimi. Wewe unajua. Tangu tumzike mume wangu, na binti akaolewa mbali, nyumba ile tumebaki mimi na redio.

Nimerudi, nimekaa jikoni, naamua nipike au nisipike.

Nimeamua nisipike. Hakuna aliyepinga.