Taulo la Wageni na Kidole cha Baba Mkwe

Jumatano, mwezi wa nane. Upepo tangu alfajiri, na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari.

Kwa heshima na taadhima natangaza rasmi kwamba taulo la wageni la nyumbani kwetu limeacha utumishi wa kabatini na kuhamishiwa kazini kuanzia leo asubuhi. Limetumikia tangu harusi yetu bila kosa wala onyo, na bila mgeni yeyote kuligusa, kwa sababu kila mgeni aliyekuja aliambiwa atumie lile jingine. Mume wangu amearifiwa. Hakutoa maoni.

Kazi yake mpya ni kulaza kompyuta.

Kwa wasiojua: kuna kompyuta ambazo hazina lile boksi la chini ya meza tunaloliita CPU. Kila kitu kimebanwa nyuma ya kioo, kuanzia bodi na feni mpaka mahali umeme wenyewe unapoingilia. Wenye nazo wanaziita ol-in-wani. Katika ofisi moja hapa mjini mhudumu mpya aliingia asubuhi, akachungulia chini ya meza, akatoka mbio kutoa taarifa kwamba CPU imeibwa. Mlinzi alihojiwa mpaka mchana. Sasa ukitaka kuifungua mashine ya namna hii lazima uilaze kifudifudi, na kioo chake hakipendi meza tupu. Kinataka kitu kinene, laini, cha pamba. Kwetu kitu cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu.

Wiki hii nawafundisha mafundi kuzitengeneza bila kuziua, na bila kufa wao. Wengi wao ni watu wa simu na televisheni, wametoka huku na huku mkoani. Mimi mwenyewe sina shahada ya kitu chochote. Nilikuwa mchapaji wa steshenari; mashine ikizima naifungua, ikiwaka naifunga, isipowaka naifunga vilevile na kumwambia mwenye duka kwamba imechoka. Zikapita mashine nyingi, baadhi zikawa haziachi kuwaka, na sasa watu wananiita mwalimu. Sijawahi kuwasahihisha.

Somo lenyewe si gumu. Ndani ya mashine hii kuna pawa saplai, kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani. Kinatunza umeme hata baada ya kuchomoa waya, kama mtu anayetunza kinyongo. Kwa hiyo unachomoa, unabonyeza swichi ya kuwashia na kuishikilia, unasubiri, unapima kwa mita, ndipo unagusa. Na kile kisanduku chenyewe hukifungui kabisa. Kimekufa, unakitoa kizima na kuweka kingine. Basi.

Na kuna sheria moja ya darasa. Ukiona mkono wa mwenzako unaelekea pabaya, unapiga kelele: acha. Tumeifanyia mazoezi tangu Jumatatu. Elibariki, fundi simu kutoka Ikungi, anaipiga kwa sauti ambayo muuza chapati wa nje amekwisha ilalamikia.

Tatizo ni kwamba mmoja wa wanafunzi wangu ni baba mkwe wangu.

Sikumwita. Alisikia kwa mwanawe, akapanda gari kutoka kijijini kwao, upande wa Mgori, na Jumatatu asubuhi nikamkuta amekaa benchi la mbele na kisanduku chake cha bisibisi magotini. Nikapiga goti pale pale mlangoni, nikamwamkia mbele ya darasa zima. Akaitikia. Kisha akasema humu ndani yeye ni mwanafunzi, nisimwogope, nimfundishe kama wengine. Darasa likanitazama nitaifanyaje kazi hiyo. Mimi pia nilikuwa nasubiri kuona.

Baba ni fundi redio. Alikuwa. Redio zimekwisha, watu wanasikiliza taarifa kwenye simu, na simu ikiharibika wanaipeleka kwa vijana. Meza yake kijijini imebaki tupu, na baba mwenye meza tupu huanza kufungua vitu vya nyumbani. Mama mkwe amekwisha poteza saa ya ukutani na tochi mbili kwa namna hiyo. Hazikuwa mbovu. Mama anasema kinachomuumiza si saa. Ni kumwona mumewe amekaa mbele ya meza, mikono mapajani, anatazama barabara kama anayesubiri mtu.

Sasa zahanati ya kijiji chao ina ol-in-wani moja, na imezimika. Kila fundi wa mjini anasema iletwe, na kila anayetakiwa kuileta anasema hakuna usafiri. Baba ameitaka kazi hiyo. Wamemwambia sawa, ila kwanza mkwe wako athibitishe kwamba unaweza kuifungua bila madhara. Kwa hiyo nikisema ndiyo, baba anarudi kuwa fundi. Nikisema hapana, anarudi kwenye meza tupu, na ukutani hakuna saa nyingine ya kufungua.

Mikono yake ni mizuri, niseme ukweli. Anafungua mfuniko wa nyuma taratibu kama anayemvua mtoto aliyelala. Skrubu anazipanga kwenye taulo kwa mpangilio zilivyotoka. Lakini ana tabia moja: anapima umeme kwa kidole. Anageuza mkono, anagusa kwa mgongo wa kidole cha shahada, haraka, kama mtu anayejaribu pasi. Kwenye redio za betri kidole hicho kilimtosha maisha yote. Nilimpa mita Jumatatu. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka kisandukuni.

Leo saa za asubuhi nilikuwa upande wa pili wa chumba nikimsaidia mtu aliyekwama na kioo. Mashine ya mazoezi ilikuwa mbele ya baba, imelala. Baba alikuwa amekwisha fungua kile kisanduku kisichofunguliwa. Juu yake kuna kibandiko cha njano chenye picha ya radi. Nadhani alikiona ni urembo. Kisha, ili asikie kama mashine inapumua, alikuwa amerudisha waya ukutani.

Niligeuka nikaona mkono unageuzwa. Kidole kinashuka.

Sheria ya darasa ilikuwa wazi. Mwalimu aliyeitunga alikuwa mimi. Nikafungua mdomo nimwambie baba mkwe wangu acha, na mdomo ukakataa. Sitanii. Neno lilifika kwenye meno likakaa. Hata Elibariki, mwenye sauti ya kufukuza ndege shambani, alikuwa anatazama na midomo imefungwa. Hakuna aliyelelewa huku anayeweza kumfokea mzee kama yule, sembuse mimi ninayepiga goti nikimpelekea maji ya kunawa.

Aliyekuwa karibu naye ni Zuhura, fundi simu wa Kintinku, dada mpole asiyesema mengi. Akakunja magoti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo baba."

Alikwisha mwamkia asubuhi. Wote tulikwisha mwamkia asubuhi. Lakini shikamoo haiachwi hewani. Mkono wa baba ukasimama, ukarudi, akanyoosha mgongo, akageuka kabisa kumtazama anayemwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Zuhura alimjibu kwamba nyumbani hawajambo. Akaongeza kwamba na ng'ombe hawajambo, na mvua ya mwaka jana haikuwa mbaya. Alikuwa anaendelea kutafuta nani mwingine hajambo wakati mimi nimefika ukutani na kuchomoa waya.

Baba akatazama waya mkononi mwangu, akatazama kidole chake, akaelewa.

Wa kwanza kusema alikuwa Elibariki. Alisema mzee leo ameokolewa na adabu.

"Wewe ungekufa," baba akamjibu. "Wewe ukisalimiwa huitikii."

Tulicheka mpaka muuza chapati akaja kuchungulia. Nilicheka pia, halafu nikakaa, waya bado mkononi.

Baada ya hapo somo liligeuka baraza. Elibariki alitaka shikamoo iwe ndiyo sheria mpya. Zuhura akauliza: je, anayekosea akiwa mdogo? Mzee atamwamkia Elibariki ili asife? Baba akasema kwa Elibariki angefikiria kwanza. Wakabishana hivyo mpaka mmoja wa nyuma akapendekeza hodi, na hiyo ikajaribiwa papo hapo. Mtu anafanya kazi, mwingine anasema hodi kutoka popote, na kweli: mikono yote inasimama na macho yanakwenda mlangoni. Haina mkubwa wala mdogo. Haimvunjii mtu heshima. Nimeibadilisha sheria. Acha imefutwa, sasa ni hodi. Nimekaa miaka mingi nikisoma maelezo ya usalama yaliyoandikwa na watu wasiokuwa na wakwe.

Lakini hodi haikumaliza shauri langu. Kijijini, ndani ya chumba cha zahanati, nani atasimama nyuma ya baba kutwa kumpigia hodi?

Wakati wa chakula wenzake walitoka. Baba alibaki, nami nikabaki nikijifanya kukung'uta taulo. Yeye ndiye aliyeanza. Aliniambia niseme, asikilize, na nisipitishe maneno kwa mama kama tunavyofanya nyumbani.

Nikasema nikilitazama taulo. "Baba, kidole hicho siwezi kukipitisha."

Akakiinua. "Kidole hiki kimelisha watoto. Na huyo mumeo."

"Najua baba. Ndiyo maana nataka kirudi nyumbani."

Nilidhani nimeharibu kila kitu, kuanzia mafunzo mpaka Krismasi. Alinyanyuka akaenda kwenye meza ya vifaa, akachukua ule utepe wa karatasi wenye gundi tunaobandikia skrubu zisipotee, akaanza kujizungushia kidole. Mizunguko mingi, mpaka kidole kikawa kama muhogo. Kisha akanionyesha. Alisema kidole kisichohisi kitu hakina sababu ya kwenda kupima.

Na mkono wa kushoto? Huo akautia mfukoni mwa suruali. Hilo nilikuwa nimewafundisha Jumatatu, kwamba unapopima, mkono mmoja ukae mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Nilidhani hakusikiliza.

Alasiri alirudia yote mbele ya darasa. Alichomoa waya akautupa begani kama taulo la kinyozi, ili awe na hakika uko wapi. Akashikilia swichi. Akasubiri, na alivyosubiri ni somo lingine. Vijana husubiri huku wanatikisa mguu, yeye alisubiri kama mtu aliye msibani. Akatoa mita kutoka kisandukuni, ikiwa bado na nailoni yake. Akapima, akanisomea, akapima tena. Kisanduku chenye radi alikitoa kizima, akaweka kingine, hakukigusa ndani. Mara moja tu mkono uligeuka, ule mgeuko wa zamani; akaona muhogo wake, akaguna, akaurudisha.

Hakuna aliyemwambia hodi. Niliwaangalia, wote walikuwa wamekodoa macho tu, kama watu wanaotazama penalti.

Mashine iliwaka. Baba hakutabasamu. Aliuliza tu kama nimeridhika, na nilipiga goti nikasema nimeridhika, jambo ambalo sidhani kama limewahi kutokea katika mafunzo yoyote ya kompyuta popote.

Nimempitisha. Nimeandika kwamba afungue, apime, abadilishe, na kisanduku cha umeme asifungue kamwe. Aliniomba nimsomee sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, si kwa kutoelewa. Nadhani alitaka kusikia kama sauti yangu itatetemeka. Haikutetemeka.

Jioni hii yuko sebuleni kwetu. Amekwisha mpigia simu mama kwamba shati la kanisani litolewe sandukuni, kwa sababu Jumamosi anakwenda zahanati kufanya kazi. Hakusema kujaribu. Alisema kufanya kazi. Mwanawe anamtania kuhusu muhogo, naye hataki kuuvua. Anakunywa chai nao umesimama pembeni ya kikombe kama mwenyekiti. Nimekaa jikoni nawasikiliza, na moyo wangu, kama nikiruhusiwa kuutaja katika blogu ya mambo ya ufundi, umejaa.

Nikaona nimsaidie zaidi. Nikampigia nesi wa zahanati nimwombe picha ya mashine yao kwa nyuma, nijue nimfungie baba spea gani. Picha imeingia sasa hivi. Nimeikuza, nikaitazama tena, nikampigia nesi swali moja dogo, naye amekwenda kuangalia na kunijibu bila wasiwasi wowote.

Sijui kama nimwambie baba leo au nimwache avae shati.

Kompyuta si mbovu, haina waya. Nesi aliyekuwepo kabla yake aliuchomoa, na sasa uko kwenye birika la umeme la chai.