Glasi ya Wakwe

Jumatano, Laeken. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, ile isiyonyesha vizuri wala kukatika. Nina hasira, na leo hasira imenifaa.

Nimekwenda kwenye kikao cha watu wanaoacha pombe. Ndiyo, mimi. Sikwenda kwa ajili ya ini langu, wala kwa ajili ya Mungu. Nilikwenda kwa ajili ya Clarisse.

(Clarisse siyo jina lake, na mimi siitwi Solange. Mkisoma mpaka chini mtajua kwa nini.)

Clarisse ni binti wa baba yangu mdogo, na huniita Yaya, yaani dada mkubwa. Tumekua pamoja Lubumbashi, na hapa Brussels tunazeeka pamoja. Mwezi uliopita kaka yangu aliita familia kupanga mahari ya binti yake. Kwetu, siku ya mahari wakwe huleta kinywaji, na shangazi wa binti ndiye anayeonja kwanza mbele ya watu wote. Halafu anampa binti glasi, verre kama tunavyoiita, naye kama amekubali kuolewa anampelekea baba yake. Shangazi ni mimi. Baba mmoja, mama mmoja, hakuna mwingine.

Clarisse akasimama. "Yaya Solange akikamata ile verre, hatairudisha. Bakwe batarudia kwao na kiu."

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kaka yangu naye alicheka. Kisha nafasi yangu akapewa Clarisse. Hata siku ile nilikuwa nimekunywa, na kila aliyenisalimia alinusa.

Ndipo nikaapa. Siku ya mahari nitakaa mstari wa mbele, kilemba kipya, Fanta mkononi, na kila aliyecheka nitamkazia macho mpaka ashushe uso. Wakome.

Kupata kikao chenyewe ilikuwa kazi. Nilitaka mahali ambapo sitakutana na Mkongo hata mmoja. Cha Evere nilikiacha, nusu ya ukoo wetu wanaishi kule. Tangazo la kikao cha Jette nililiona kwenye duka la dawa, nikalipiga picha huku nikijifanya ninaandika ujumbe. Nikapanda tramu. Ukumbi uko nyuma ya kanisa, na nililizunguka kanisa lile kama mwizi kabla ya kusukuma mlango.

Viti vimepangwa kwa duara, wazungu watupu, wote wananitabasamia. Wakaniomba nijitambulishe. Basi nikasimama kama tunavyosimama kwetu: jina langu, la baba yangu, la babu yangu, mtaa niliozaliwa Lubumbashi, mpaka kaka yangu wa Evere na idadi ya watoto wake. Mzee mwenye sweta anayeongoza kikao aliinua mkono taratibu. Hapa, madame, jina la kwanza linatosha.

Nilikuwa nimeshachelewa. Mwanamke aliyekuwa pembeni akimimina kahawa, mgongo kwetu, kofia ya sufu mpaka masikioni, aligeuka.

Clarisse.

Kahawa ilimwagika meza nzima. Sitadanganya hapa: niliona raha. Raha ya kweli, ya tumboni. Alikaa akiangalia viatu vyake, na zamu yake ilipofika alisema jina lake tu, kisha akasema wiki hii kuna chupa chini ya kitanda chake na bado hajaifungua. Watu wakamshukuru kwa kusema. Mimi nilikuwa ninaipapasa simu yangu mfukoni. Ujumbe mmoja tu kwa kaka yangu, na kicheko chote kingehamia kwake.

Mwishoni sote tuliulizwa kama tunakubali kwamba yanayosemwa mle yanabaki mle. Nikasema "oui" pamoja na wengine. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema.

Kwenye kituo cha tramu akanisogelea.

"Yaya, usiambie bantu. Bon, hata ukisema, iko haki yako." Akaanza kulia. "Ile verre batanipatia mbele ya bantu bote. Nikionja, sitasimama tena. Nikikatala, batajua. Nitafanya je?"

Kumbe siku ile alipokuwa akinicheka alikuwa amejificha nyuma yangu. Wote wakitazama ulevi wangu, nani angenusa wa kwake? Nilitaka kumzaba kofi palepale, mbele ya wazungu na mvua yao.

Glasi nikaiacha, nikarukia kikao cha Jumatano ijayo. Nilimwambia tu: "Mercredi ukuye mapema. Nitakukamatia kiti."

Akanikumbatia. Alidhani nimemsamehe.

Sijamsamehe. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya. Mlevi ukimtukana umepoteza mate yako bure, kesho hakumbuki. Najua, wengi wamenitukana mimi. Nina maneno yangu kwa Clarisse, nimeyatunza moja moja tangu kikao kile cha familia. Siku nitakayomwambia nataka awe na akili zake zote, asikie mpaka la mwisho.

Na mimi niwe na zangu, nisisahau hata moja.