Mimi Si Yai

Wifi yangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Mama hajambo, ni goti tu linamsumbua. Mvua imetubomolea ukuta wa jikoni, ila jirani ametusaidia kuuziba.

Wifi, kaa chini kwanza. Kaka yako aligongwa na gari juzi asubuhi akitoka kununua mbao. Aliinuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akarudi karakana kuranda mbao zake kama kawaida. Nilipomwambia twende hospitali, alicheka.

"Mke wangu, mimi si yai. Hata mchubuko sina."

Mchana akasema tumbo linamkaza. Nilimsihi mpaka sauti ikanikauka, akasema amalize kazi kwanza. Jioni akaanguka.

Daktari alituambia bandama ilipasuka, damu ikawa inavujia ndani. "Mngemleta asubuhi, tungemwokoa."

Tumemzika jana, wifi. Simu yako haikupatikana.

Leo mteja amekuja kuulizia kitanda chake. Nimemwambia fundi ametoka kidogo, atarudi. Ulimi ulikataa kusema jingine.

Mwenzio katika msiba,
Mke wa kaka yako