Mkaa Kwenye Ukuta Mweupe

Al Wakrah, Qatar

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo Mama, na mkono wako naubusu kutoka huku niliko. Mguu unaendeleaje? Nauliza ule wa kushoto, ambao Bakari akikuuliza unasema ni mzima. Na kile kikohozi cha alfajiri? Usinijibu "sijambo" peke yake, nitajua unanificha. Mimi sijambo kweli. Nimenenepa kidogo, na wa kulaumiwa ni wali wa huku.

Utaona nimekuandikia kwa herufi zako za Kiarabu, zile ulizonifundisha upenuni kabla sijaanza shule. Nimefanya makusudi. Barua ya herufi za kizungu hukusomea Kaka Bakari, na Bakari akisoma huiruka mistari asiyoipenda. Hizi hazijui, maana chuo cha Kurani alikikimbia hata alifu hajaizoea. Basi leo vaa miwani usome mwenyewe, polepole. Simu siiamini tena. Unaongea nami kwa simu yake akija kutoka Dar, mwenyewe kakaa ubavuni pako, na wewe unabaki kusema, "Kama mtakavyo, wanangu."

Barua hii anakuletea Saumu, yule binti wa jirani zetu anayefanya kazi hotelini na amepanga chumba mtaa wa Najma, huku Doha. Anakuja likizo. Mkirimu, ila usimsomee, mdomo wake hauna komeo.

Sasa sikiliza habari za huku. Nyumba ninayofanya kazi inauzwa. Yule bibi ninayemhudumia, Mama Oda (ndivyo sote tunavyomwita, maana yake mama mkubwa), ni mjane kama wewe, na kwa umri amekupita kidogo tu. Mwanawe Jasim anakaa The Pearl, kile kisiwa kilichotengenezwa kwa kumwaga mchanga baharini, majumba yamepandana mpaka shingo inauma kuyatazama. Akaamua nyumba ya Al Wakrah iuzwe, mama yake ahamie huko, ghorofa ya kumi na nne. Kiangazi hakuna mtu huku anayetoka kwenda kutazama nyumba, jua linakaanga. Kwa hiyo tulingoja joto livunjike, na tangu livunjike sijakaa kitako. Nimekung'uta mazulia, nimeosha viyoyozi vilivyojaa vumbi jekundu, nimefua foronya za mito yote ya majlis, sebule yao ya wageni. Fundi wa rangi akaja akapaka kuta nyeupe pe. Dalali naye akasema nifukize udi kabla wateja hawajaja. Nikafukiza Mama, mpaka paka wa jirani akawa ananukia harusi.

Siku zote hizo Mama Oda alikuwa kakaa kwenye godoro lake la majlis, anatutazama tukipita na ndoo.

Siku moja kabla wateja hawajaja, akaniita. "Mwana," ndivyo anavyonikata jina, "kwenu nyumba ikiuzwa mnaandika nini ukutani?"

Nikamwambia, "Kwetu mtu huandika ikiwa haiuzwi."

Hakuamini. Nikamhadithia habari ya yule tapeli aliyemleta mtu wa Korogwe kuitazama nyumba yetu, wewe umekaa barazani unachagua mchele. Na Baba, Mungu amrehemu, alivyorudi na kopo la rangi nyekundu akaandika ukuta mzima: NYUMBA HII HAIUZWI. Nikamhadithia na ulivyomjia juu: "Nyumba yangu inaandikwa nisichoweza kukisoma?" Mpaka Baba akachukua tena brashi akayaandika maneno yale yale kwa herufi zako, madogo madogo, pembeni ya mlango. Mama Oda alicheka mpaka shela ikamdondoka. Kisha akainama, akatoa kipande cha mkaa uliopoa kwenye chetezo, akanipa.

"Niandikie na mimi. Kama maneno yangekuwa yako, ungeyaweka wapi?"

"Karibu na mlango. Lakini Mama, ukuta umepakwa rangi jana."

"Nyumba ya nani?"

Nikaandika. Ningefanyaje? Nikaandika Kiswahili chetu kwa herufi zao, kama alivyoandika Baba, na wala sikufikiri mbele.

Kesho yake Jasim akawaleta wateja, bwana na bibi na dereva wao nyuma kabeba mikoba. Yule bibi akafika mlangoni akayaona. Herufi anazijua, maneno hayajui. Akajaribu, "Nyu... nyum..." kisha akalikusanya baibui lake akarudi nyuma. "Hii nini? Sihiri?"

Mama, nilikufa nimesimama. Neno hilo huku si la mzaha, mtumishi wa nyumbani anaweza kutiwa ndani kwa ajili yake. Jasim akanigeukia. Kiarabu changu chote kikanitoka.

Ndipo yule dereva akanyoosha shingo. Kumbe ni mtu wa Unguja! Akasoma kwa sauti, akajipiga kofi mapajani: "Ebo! 'Nyumba hii haiuzwi'! Sasa siye tumefata nini hapa?" Kisha akawafasiria mabwana zake, huku anajitahidi asicheke. Mungu amzidishie, sikupata hata kumuuliza jina.

Jasim akaniuliza, "Nani kakwambia uandike?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka majlis: "Mimi."

Jasim akaingia ndani. "Yumma, mama yangu, kumbe hutaki kuuza?"

"Sijui," akasema Mama Oda. "Umemuuliza dalali. Umemuuliza fundi wa rangi. Hata Mwana umemuuliza kama madirisha yamesafishwa. Mimi hujaniuliza, basi nitajuaje kama nataka?"

Yule mtu mzima na kanzu yake nyeupe akakaa chini kwenye zulia, miguuni pa mama yake, akamuuliza. Na unajua alijibu nini? Uza. Lakini baada ya baridi, akishakaa uani mwake msimu mmoja zaidi. Na ghorofani haendi, atafutiwe mahali ambapo mlango ukifunguliwa unakanyaga ardhi. Jasim akakubali yote. Yule bibi mwenye baibui hakurudi, na sisi hatukumkumbuka. Ukuta nimeufuta mwenyewe kwa kitambaa, Mama Oda akiniangalia, na safari hii alikuwa anaimba.

Mimi ndiye niliyeshindwa kuimba. Kwa sababu wiki ile ile Bakari alikuwa amenipigia. Akasema anataka nyumba yetu ipigwe chokaa kabla ya mvua za vuli, kapata mnunuzi, na maandishi ya Baba yamemtatiza, afute au aache? Mimi simu begani, dekio mkononi, nikamjibu: "Futa, uza, Mama akakae na wewe Dar." Nilivyosema ungedhani naagiza nyanya. Wewe sikukuuliza, wala yeye hakukuuliza. Usimkasirikie Kaka. Anaogopa utaanguka kisimani peke yako asiwepo wa kukuinua, na mimi naogopa hilo hilo. Lakini hofu yetu tumeifanya ndiyo kauli yako, nawe ukatuachia kwa mapenzi. Nisamehe, Mama. Nimeona haya, nimelia.

Kauli yangu nimeirudisha. Nimempigia Bakari nikamwambia asiguse ukuta mpaka jibu lije. Akasema, "Jibu la nani?" Nikamwambia kamuulize Mama. Amenuna, lakini unamjua, hasira zake hazivuki adhuhuri.

Nisalimie Shangazi, mwambie kanga zake nimezipata na moja nimeivaa mpaka imechoka. Nisalimie wifi yangu wa Dar anayekupikia ukienda huko, na mwalimu wangu wa chuo ikiwa bado ana bakora. Mzee wa duka la kona mwambie bado namkumbuka kwa kashata.

Sasa nakuuliza mimi mwanao: wewe unataka nini? Barua ndefu si lazima, najua macho yanakuchosha. Yale maandishi madogo ya pembeni ya mlango, aliyokuandikia Baba, ni yako. Ukitaka kubaki, chukua mkaa uyapitie upya. Ukitaka kuuza, yafute kwa mkono wako, usimwachie fundi. Saumu atapita kuutazama mlango siku anayorudi huku, na atakachokikuta ndicho nitakachokisimamia.

Mimi mwanao wa mwisho, niliyekujibia kabla hujaulizwa,

Mwanaidi