Ng'ombe wa Mzee Parsaoti kwenye Ukuta wa Bucha

Kitengela
14 Machi 1999

Pakine wangu,

Sopa. Uko salama huko Kajiado? Kifua cha Mzee Parsaoti kinaendeleaje? Sisi huku tuko wazima, ila Mbithe wangu analalamika nyumba inanuka rangi. Hilo jina la Pakine bado nalitamka vibaya, lakini tangu unipe mbuzi siku ya harusi yangu ukaniambia watu waliopeana mbuzi huitana hivyo, sitaki uniite jina lingine.

Tangu urudi nyumbani kumwangalia mzee, kazi ya kuchora kuta imepoa. Jana nimechora kichwa kwa kinyozi, nikakinyoa nusu, nusu ingine nikakuachia. Mwenye duka anauliza mbona kazi haijaisha. Nikamwambia sheria yetu ni moja: mmoja anaanza, mwingine anamalizia bila kuulizana, na hakuna kufuta. Ameniangalia kama mgonjwa. Unakumbuka ile hoteli nilichora samaki, ukaja ukamvalisha kofia ya askari? Nilinuna siku mbili, halafu nikaona bila kofia yule samaki hakuwa kitu. Nimekukosa. Kuja hata Jumamosi moja tu.

Pakine wako,
Kimeu

Kajiado
2 Mei 1999

Pakine,

Ipa. Salamu zako zimefika na mzee anazirudisha. Anakohoa, lakini maziwa anamaliza. Mbithe mwambie harufu ya rangi ni afadhali kuliko harufu ya mume asiye na kazi.

Nilipita Kitengela ukiwa Machakos nikamaliza kichwa chako. Ile nusu yangu nimeiotesha majani, na mbuzi anakula. Mwenye duka ameshtuka lakini wateja wanacheka. Usifute.

Sasa nikwambie ukweli, ng'ombe wako ni aibu. Yule wa pale sokoni ana matiti ya mbuzi na uso wa mwalimu mkuu. Kuja mzee akufundishe. Yuko na ng'ombe wake Arus, wa mabaka meusi na meupe, na anamwimbia asubuhi kuliko alivyowahi kutuimbia sisi watoto wake. Hapa kwetu mtu hachori ng'ombe tu, anachora ng'ombe wa mtu. Angalia sikio lake vile limekatwa, hapo kila mtu anajua ni wa boma gani. Hiram mwenye bucha hapa mjini anataka ukuta uchorwe. Utaanza wewe.

Pakine wako,
Sankale

Kajiado, kwa Hiram
9 Februari 2000

Pakine,

Nimekuja sikukupata. Wanasema umepeleka ng'ombe upande wa Loitokitok kutafuta nyasi, mzee amebaki na wale hawawezi kutembea. Pole sana kwa hiki kiangazi. Ningepita kumsalimia lakini narudi Kitengela leo leo, kwa hivyo namwachia Hiram hii karatasi akupe.

Nimekuchorea kitu cha kukuchekesha ukirudi. Ni Arus, mzima mzima, vile mzee alinikalisha mbele yake nusu siku ile Desemba. Hata mkato wa sikio nimeuweka. Hiram ametaka juu yake niandike NYAMA TAMU KILA SIKU. Nyuma ya Arus nimeacha nafasi yako, weka unachotaka.

Pakine wako,
Kimeu

Kajiado
6 Machi 2000

Kimeu,

Nimerudi na ng'ombe kumi na mmoja. Niliondoka na arobaini.

Arus alikufa nyumbani tarehe saba Februari. Mzee alikataza hata ngozi yake isichunwe. Siku mbili baadaye Kajiado yote ikamwona kwenye ukuta wa bucha, sikio na kila kitu. Watu wakasema Parsaoti ameuzia Hiram mzoga, nao wamelishwa. Sokoni wanaume wanamsalimia baba yangu wakiangalia chini.

Najua hukujua. Lakini wewe ulikuwa unacheza, na baba yangu si ukuta. Nimemfuta Arus kwa chokaa, kwa mkono wangu mwenyewe. Usije na usiandike.

Sankale

Kitengela
20 Machi 2000

Pakine,

Najua umenikataza. Nasalimu hivyo hivyo.

Sijalala vizuri tangu nisome barua yako. Nilitaka ucheke, basi. Wewe ndiwe uliniambia kwa sikio kila mtu anajua ni wa boma gani, na sikukumbuka kuogopa. Niambie nije na nini, nisimame mbele ya mzee na mbele ya hao watu wa soko, niseme kosa ni langu. Wanasema kosa moja haliachi mke. Nakuomba usiniache.

Ndugu yako,
Kimeu

Kitengela
11 Novemba 2000

Sankale,

Mvua imenyesha huko? Mzee anapumua vizuri?

Siku hizi kuta nazimaliza peke yangu. Wenye maduka wanafurahi kwa sababu kazi inaisha haraka. Mimi sifurahi. Nachora nikijua kesho nitaikuta vile niliiacha.

Ndugu yako,
Kimeu

Kajiado
3 Juni 2001

Kimeu,

Salamu kwako na kwa Mbithe. Mzee ametuacha tarehe kumi na tisa Mei, ni hicho kifua. Tumemzika hapa nyumbani.

Iko jambo nimekuficha. Ule mwezi wote Arus alikuwa kwenye ukuta, mzee alikuwa anatembea hadi mjini, anakaa ng'ambo ya barabara. Nilidhani anaenda kuangalia aibu yake. Siku niliyokutumia ile barua mbaya alirudi mapema akauliza nani amemfuta Arus. Nikasema ni mimi, kwa ajili ya heshima yake.

Akaniambia, "Watu watachoka kusema. Mimi nilikuwa nimempata ng'ombe wangu."

Akasema nikuite umchore tena, hata kwa ukuta wa nyumba. Nilijaribu mwenyewe, nikashindwa, mabaka hayakukaa. Na kukuita sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimeshakufukuza na niliona haya kurudi nyuma. Ni kiburi tu, Kimeu, hakuna kitu kingine.

Kila siku ya soko mzee aliniuliza kama yule Mkamba ameandika. Barua zako zote mbili zilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nilimwambia hapana.

Sankale