Harusi Iliyoongozwa na Maiti

Dada Mwajuma, shikamoo. Kiongoroni nimefika salama, ila nguo zote zinanuka tope la mikoko. Kamba wa nazi wa mama mdogo wananisahaulisha mbu.

Sasa sikia harusi ya binti yake. Unaikumbuka ile video ya kizungu ya utotoni, maiti wanatoka makaburini wanacheza, shingo upande, vidole kama makucha? Basi kwa wimbo ule na uchezaji ule ule ndivyo walivyomtoa bibi harusi ndani. Kungwi wake, mtu mzima na kanga zake mpya, katangulia. Wasichana nyuma wanaburuta miguu kama waliokwama topeni. Bibi harusi gani huyo anasindikizwa na wafu? Wazee wa ngoma wamekaa pembeni, ngoma wamezikanga motoni tangu asubuhi, hakuna anayewatazama.

Katikati ya wimbo jenereta likaishiwa mafuta. Maiti wakabaki mikono juu. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, sasa tutacheza ya kwetu. Mzee wa ngoma kubwa akainuka, akapiga mdundo ule ule wa maiti, wala hakukosea. Nikamfuata: "Babu, na ngoma ya kwetu je?"

Akanishangaa. "Kwani hii ya nani, mjukuu wangu? Hata mama yake huyu tulimtoa nayo."

Wabusu wanangu hao, Mungu awakuze. Nitakuletea kamba wakavu. Leo shingo inaniuma, na usiniulize kwa nini.

Mdogo wako,
Zuhura