Mkono Nisioruhusiwa Kuugusa

Isingiro, 6 Machi 1949

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini wewe na mama hamjambo, na migomba imeinuka baada ya ile mvua ya mawe.

Baba, nimebanwa. Meneja wa mgodi alisikia kwamba Padre alinifundisha selo seminarini, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa. Ameniamuru nimfundishe binti yake, Edith, mwenye miaka tisa. Pasaka atapiga mbele ya wageni. Akishindwa, nitaondolewa ofisini nikachimbe bati. Nikitoroka kabla ya mkataba kwisha, nitafungwa.

Mtoto amekakamaa kama mpini. Padre alikuwa akinishika kiwiko na kukitikisa mpaka bega lishuke. Mimi siwezi. Bwana meneja hukaa mlangoni, na amesema wazi: "Karani, ukimgusa utajuta kuzaliwa."

Wewe ulipiga nyuzi za enanga, kinubi chetu, kabla ya ubatizo. Nifanyeje?

Mwanao,
Cassian

Nyabiyonza, 15 Machi 1949

Mwanangu Cassian,

Marahaba. Tu wazima. Mama yako anakohoa, lakini kikohozi hakijamzuia kunigombeza.

Habari za enanga usizitaje kwa sauti. Mimi ni katekista sasa. Ila babu yako naye hakunigusa. Alinishikisha ndizi mbivu iliyomenywa, mkono wa kushoto, akaniambia niupeleke juu na chini. Ikipondeka, unaila, unaanza upya. Nilikula nyingi mno. Nawe shika yako: mtoto huiga mabega yako, na nakujua, yako yamefika masikioni.

Baba yako,
Rwegoshora

Isingiro, 10 Aprili 1949

Baba,

Shikamoo. Kifua cha mama kinaendeleaje?

Ndizi zimefanya kazi! Edith alijipaka hadi nywele, akacheka, na bega likashuka lenyewe. Selo ikatoa sauti nene, tulivu. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu nije hapa. Bwana hakucheka.

Sasa mtoto haniogopi. Jana alininyooshea mkono: "Cassian, shika uone ulivyolegea." Nikaficha wangu mgongoni.

"Kwani mchafu?"

Nikasema ndiyo. Anasema Pasaka, akimaliza, atanishika mkono tuwainamie wageni pamoja. Nimemsihi asifanye hivyo. Haelewi, na kumweleza siwezi.

Niombeeni rozari.

Mwanao,
Cassian

Nyabiyonza, 2 Mei 1949

Mwanangu Cassian,

Hali yako sijui nimuulize nani.

Jana alipita Elpidius, anayechimba huko. Anasema mtoto alipiga vizuri mpaka wageni wakasimama, kisha akakukimbilia, akakushika mkono. Tangu siku hiyo mezani pako yuko karani mwingine, na kila anayekuulizia huambiwa arudi kazini.

Nilikufundisha kumtoa mtoto hofu. Sikufikiri kwamba hofu yake ndiyo iliyokuwa ikikulinda.

Kesho naanza safari kwa miguu. Mama yako amenifungia ndizi mbivu, anasema unazipenda. Mikono yangu imekakamaa, Cassian, hata kalamu inanishinda.

Baba yako